Pipa la Kuazima

Asubuhi ile Mounira aliamka kabla yangu, kama kila siku. Nilimsikia uani akigonga vyombo vyake kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Pipa la kupikia kwanza. Kisha lile la kutulizia. Kisha bidoni za plastiki, ambazo hazina sauti, lakini alizigonga nazo zisione wivu.

"Ziko hai?" niliuliza kutoka kitandani.

"Ziko hai. Na wewe?"

"Njoo unigonge, utasikia."

"Wewe nikikugonga utatoa sauti ya chombo kitupu," alisema, akacheka peke yake huko uani.

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya asubuhi kwa miaka mingi. Sikujua kwamba hayo ni ya mwisho. Kesho yake presha ya damu ilimpanda, na siku ya tatu tulimzika. Hapo sitaandika mengi. Nataka kuandika juu ya vyombo, kwa sababu aliyemjua Mounira alimjua kwa vyombo.

Siku ile, saa sita mchana, Fabien alikuwa aje na kamyoneti yake ya mizigo. Fabien ni mtoto wa jirani yetu, Mama Kyakimwa, aliyetoka Butembo kuja kufanya biashara hapa Kindu. Sasa kijana huyo ni enjenyere, yaani injinia, ana atelie, karakana ya sabuni, hapa hapa mtaani kwetu Kasuku. Alitaka kumpa mke wangu pipa jipya la inoksi, chuma kisichoshika kutu, linalong'aa kama kioo, na yeye abebe lile la chuma nililolitengeneza mimi wakati wa vita. Mounira alikuwa hajajibu. Wiki nzima hajajibu. Fabien alingoja jibu lake. Mimi nililingoja kumpita Fabien.

Nieleze kwa nini.

Mimi ni fundi. Nayeyusha alimini, namwaga sufuria, napiga chuma. Kazi yangu ilikuwa katika banda karibu na njia ya treni. Siku ya kwanza niliyomwona Mounira, alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, amebeba sufuria kichwani. Sufuria yangu. Mama yake aliinunua juma lililopita. Aliiweka chini mbele yangu.

"Fundi, nimekuja kurudisha."

"Imetoboka?"

"Haijatoboka. Mudomo wake njo mudogo."

Nikamwambia mdomo wa sufuria ni wa kuingiza mwiko, na mwiko unaingia. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Umetengeneza sufuria ya maharagwe," alisema. "Maharagwe yanakaa chini. Sisi kwetu tunapika sabuni. Sabuni inasimama. Ikichemka inapanda kama maziwa, inatafuta mulango. Mulango ukiwa mudogo, inaruka juu ya muntu."

"Basi msijaze."

"Hatujazi. Tunaweka nusu. Inaruka na nusu yake. Fundi, mikono uko nayo. Macho uliacha nyumbani?"

Nikamtengenezea pipa la chuma, lenye mdomo mpana. Akarudi nalo. Chini yake palikuwa pepesi, sabuni iliungua. Nikatengeneza lingine. Akarudi nalo pia, sasa sikumbuki kwa kosa gani. Mara ya nne alikuja baba yake. Aliniuliza kwa nini binti yake anapita barabara ile kila juma, mimi ni fundi au ni nani. Nikamwambia nia yangu. Alikuwa mtu mzuri. Alisema: "Basi muoe, viatu vyake vipumzike."

Nikadhani nikimwoa ataacha kurudisha. Hakuacha. Alifupisha njia tu.

Nyumbani nilijifunza kwamba chombo si chombo tu. Chombo cha kupikia kinataka chini pazito, mdomo mpana, na nafasi ya hasira. Humo ndani mafuta ya mawese na maji makali, yaani yale maji ya soda ya sabuni, yanagombana mpaka yanakuwa kitu kimoja. Lazima ukoroge. Lazima moto. Sabuni ikiiva unatia maji ya chumvi, unahamishia katika chombo cha kutulizia. Hicho ni kirefu, chembamba, na robine iko chini kabisa. Hakitaki moto, hakitaki mwiko, hakitaki kuku kupita karibu. Sabuni inapanda juu taratibu, maji machafu yanashuka, na wewe unafungua robine chini, unayatoa. Ukikitikisa unaanza upya.

Siku moja nilikuja nyumbani na hasira zangu za kazini, nikapaza sauti. Mounira hakuinua kichwa.

"Baba Nuru," alisema, "hapa si ndani ya pipa ya kupikia. Hapa njo mahali pa kutulizia. Kaa, uchafu ushuke."

Nilikaa. Ulishuka. Tangu siku hiyo, katika nyumba yetu, mtu akinuna, mwenzake alimwonyesha kwa kidole lile pipa refu, na basi. Nuru, binti yetu wa pekee, alikuwa anatuonyesha hata yeye, bado hajaanza masomo.

Alinitaka nitengeneze vingi. Beseni, mwiko wa chuma, sanduku la kumwagia sabuni igande. Kila kimoja kilirudi mara moja, au mbili. Hakunitukana. Alikiweka mbele yangu, akakipa jina la ugonjwa wake, akaenda. Mafundi wenzangu walitamani nyumba ya matofali, au pikipiki. Mimi nilitamani chombo kimoja ambacho Mounira hatakirudisha. Nilimwambia hivyo. Alisema: "Tamani. Kutamani si vibaya."

Kisha vita ikafika. Treni ikanyamaza. Mawese yalikuwapo, misitu yetu haikuacha kuzaa, lakini soda haikuja tena, na bila soda hakuna sabuni. Watu walifua kwa majani ya papai. Nguo za Kindu nzima zilikuwa na rangi moja.

Wakati huo wenye silaha walipita kwetu, wakabeba lile pipa la kupikia wakapikie chakula. Mounira aliwaambia lisuguliwe kwanza. Hawakusikia. Tuliambiwa baadaye kwamba maharagwe yao yalitoa povu siku tatu. Hilo lilitupa furaha mwezi mzima, na mwezi ule furaha zilikuwa chache.

Tulibaki na pipa la kutulizia, na bidoni moja ya maji makali chini ya kitanda. Kifuniko alikikaza kwa kitambaa, kwa sababu maji yale yakikaa wazi yanakunywa hewa na kupoteza nguvu. Bidoni hiyo ilikuwa ya harusi ya Nuru. Kijana Sudi, mkulima wa mpunga wa Kibombo, alikuwa ameleta posa, na jamaa zake wangekuja kwa miguu na kinga, hizi baiskeli za kubebea mizigo, siku kadhaa katika vumbi. Katika nyumba ya mama yake Mounira kulikuwa na sheria moja. Mgeni wa harusi hapewi chakula mbele ya kupewa maji na sabuni. Na bibi harusi anaogeshwa kwa sabuni ya mkono wa mama yake.

"Mama, ninaweza kuolewa na majani ya papai," Nuru alisema. "Sudi hatanusa."

"Wewe olewa na papai," Mounira alimjibu. "Mimi njo nitabaki hapa. Watasema Mama Sabuni alipokea wakwe na majani, kama mbuzi."

Zilibaki siku kumi na nne. Bidoni iko. Mawese yatapatikana. Chombo cha kupikia hakuna.

Nikamwambia aniachie mimi.

Miezi ile ndege moja ilivunjika uwanjani, na vipande vyake vilikuja kwa mafundi kimoja kimoja. Mji mzima ulikuwa unapikia ndani ya ndege. Nikakusanya alimini, nikayeyusha, nikamwaga katika mchanga sufuria ambayo sijawahi kumwaga kama hiyo. Kila kosa alilonionyesha Mounira nililikumbuka. Chini, unene wa vidole viwili. Mdomo mpana, mtoto angeweza kulala ndani. Vishikio viwili ambavyo havichomi mkono. Niliisugua mpaka nikajiona uso.

Siku hiyo Mounira alikuwa amevuka mto Lualaba kwenda Alunguli kutafuta mawese. Nikataka akirudi akute kila kitu tayari. Nikavuta bidoni chini ya kitanda. Nikafungua kile kitambaa. Nikamimina maji makali yote ndani ya sufuria mpya.

Kwanza kimya. Kisha nikaona vipovu. Kisha sufuria ikaanza kuchemka. Moto hakuna, na inachemka. Nitasema kweli: nilifurahi. Nilidhani nimetengeneza sufuria isiyohitaji kuni. Nikamwita Mama Kyakimwa aje aone. Alikuja na unga mikononi na Fabien mgongoni, wakati ule mtoto wa miezi minane.

"Baba Nuru, kuni iko wapi?" aliuliza.

"Hakuna kuni."

Alizunguka sufuria mara moja. Hakuikaribia.

"Inachemka bila kuni?"

"Peke yake."

"Basi hiyo si sufuria nzuri. Hiyo iko na homa."

Povu likawa la kijivu, kisha jeusi. Mvuke wa kukata pua ukatoka. Tukarudi nyuma, kisha tukarudi nyuma tena, mpaka mgongo wa Fabien ukagusa ukuta, akalia. Chini ya sufuria ardhi ikaanza kulowa. Mounira alipoingia uani na mawese kichwani, alinikuta nimesimama na sufuria ambayo chini yake ilikuwa na matundu kama chujio, na matope ya kijivu miguuni.

Alitua mzigo. Alitazama sufuria, alitazama bidoni.

"Ulimimina yote?"

"Yote."

"Hata kidogo hukuacha?"

"Hata kidogo."

Akakaa chini, pale pale. Nilidhani atalia, na kweli machozi yalitoka, lakini yalitoka kwa kucheka. Alicheka mpaka Mama Kyakimwa akaanza naye, na Nuru akatoka ndani kuuliza nani amekuja. Aliponyamaza alijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Miaka yote umenitengenezea vyombo, mimi nikarudisha," alisema. "Hiki kimejirudisha chenyewe."

"Chuma ni chuma," nilijitetea.

"Hapana, Baba Nuru. Chuma ni chuma, na alimini ni alimini. Maji makali yanakula alimini kama wewe unavyokula muhogo. Chuma yanakiacha. Udongo yanauacha. Plastiki, inakaa nayo miaka. Mudomo ulikumbuka, chini ulikumbuka. Lakini tumbo imetengenezwa na nini, na ndani ya tumbo kutaingia nini, hukuuliza."

Ilikuwa kweli. Nilijua umbo. Mwili sikuujua. Na sasa soda ya mwisho ya Kindu ilikuwa imeingia ardhini uani kwangu, na harusi ya binti yangu siku kumi.

Mounira hakulala juu ya jambo hilo. Alimkumbuka bibi yake, ambaye alipika sabuni kabla ya soda kuletwa na treni. Bibi alitumia majivu. Maganda ya ndizi yaliyokauka, na mashada ya mawese yaliyokwisha kutolewa ngazi, yaani matunda yake. Nuru na rafiki zake walipita Kasuku nyumba kwa nyumba kuomba maganda. Watu waliposikia ni ya harusi, hata wasiopenda ndizi walikula ndizi. Tulichoma tukapata majivu meupe, vikapu vitatu.

Majivu nayo yanataka chombo chake, na hicho si cha kupikia wala cha kutulizia. Ni cha kuchujia. Mama Kyakimwa alitoa shauri watumie sufuria yangu, maana matundu inayo tayari.

"Itakuliwa tena, hata kama taratibu," Mounira alisema. "Leteni mutungi wa udongo. Udongo haulalamiki."

Alitoboa mtungi chini, akatandika nyasi, akashindilia majivu, akamwaga maji juu kidogo kidogo. Chini yakatoka maji ya rangi ya chai. Akaazima yai kwa Mama Kyakimwa, akalitia ndani. Likazama. Akayarudisha maji yale juu ya majivu mapya, mara mbili, mara tatu. Mwisho yai likaelea.

"Yameshakuwa na nguvu," alisema.

"Na yai langu?" Mama Kyakimwa aliuliza.

Yai lilirudi kwao. Hakuna aliyelila.

Mimi wakati huo nilikuwa natafuta chuma. Nilipata pipa tupu la mafuta ya ndege. Nililijaza maji mpaka juu kabla ya kulikata, kwa sababu pipa la mafuta, hata tupu, lina pumzi ndani, na pumzi ile ikiona cheche inaua fundi. Nikalikata kwa tindo na nyundo, nikapeleka nyumbani nusu yake ya chini. Mounira alitia kichwa ndani, akanusa.

"Inanuka ndege," alisema. "Jana ulinipa mwili wake, leo unanipa jasho lake."

Akalirudisha. Nikalichoma kwa kuni siku nzima, nikalisugua kwa mchanga na majivu. Nikalipeleka. Akatia kichwa, akanusa, akakitoa. Akagonga chini kwa kidole. Sauti ikawa nyepesi.

"Sabuni itaungua."

Akalirudisha. Nikatafuta kipande cha chuma kinene kilichobaki kwenye njia ya treni, nikakipiga kikawa duara, nikakishikiza chini kwa ribiti kumi na nane. Mikono ilivimba. Nikalipeleka mara ya tatu, zimebaki siku sita.

Alinusa. Akagonga. Akatia maji, akangoja kama yatavuja. Hayakuvuja. Mimi nilisimama kama mtu mbele ya hakimu. Akazunguka tena, akakuta mdomo wa pipa haukunyooka, upande mmoja uko chini kidogo kuliko mwingine.

"Iko na mudomo wa muntu aliyenuna," alisema.

"Unarudisha?"

"Sina siku ya kurudisha. Lakini sijapokea. Elewa vizuri, Baba Nuru. Nimeazima. Harusi ikiisha, utakuja kuchukua pipa yako."

Alipika siku mbili. Sabuni ilisimama, ikapanda, ikafika karibu na ule mdomo ulionuna, ikatafuta mlango, ikakuta nafasi, ikarudi. Sabuni ya majivu haigandi kama ya soda. Ilitoka nyeusi, laini kama ugali, na harufu ya moshi. Aliigawa katika vibuyu na mabakuli. Nuru aliogeshwa na mama yake asubuhi ya harusi, na wanawake waliokuwa ndani walisema ngozi yake ililia chini ya kidole kama sahani safi.

Wakwe walifika na vumbi mpaka nyusi. Walikuwa ishirini na mmoja, na mchele juu ya kinga nne. Tukawakalisha uani. Sheria ya nyumba: maji na sabuni kwanza. Nuru hakuruhusiwa kutoka, basi Mounira mwenyewe aliweka bakuli mbele ya baba yake Sudi, mzee mnene, mwenye njaa ya njia nzima. Mzee aliona bakuli, aliona kitu cheusi, laini, kinang'aa kidogo. Akasema bismillahi, akakata tonge, akalifinyanga vizuri kwa vidole.

Mounira alimshika mkono, tonge liko karibu na ndevu.

"Baba mukwe," alimwambia kwa heshima yote, "hii njo ya nje ya mwili. Ya ndani inakuja."

Mzee alitazama tonge. Alitazama mkono wake, ambao tayari ulikuwa umetoa povu. Ndugu zake walianza kucheka taratibu, kwa adabu, na wakashindwa na adabu. Mzee alicheka kuwapita wote. Aliosha mikono, akaosha uso, akaosha kichwa, akavua kanzu akaomba nayo ifuliwe. Ishirini na mmoja wote walioga nyuma ya nyumba kwa zamu. Povu lilitoka uani kwetu likashuka mpaka barabarani, na watu wa Kasuku, ambao hawakuona povu miezi mingi, walikuja kusimama na kulitazama. Wengine walitia miguu. Mounira alitoa kibuyu cha mwisho, akawagawia.

Sijaona harusi nyingine kama ile.

Ilipoisha, wakwe wakaenda na Nuru wetu, nikaenda uani.

"Nimekuja kuchukua pipa yangu."

"Bado natumia," alisema Mounira.

"Basi umepokea."

"Nimeazima."

Ikawa hivyo. Vita ikaisha, soda ikarudi, kwanza kwa ndege, kisha kwa njia nyingine. Sabuni yake ikawa tena ngumu na nyeupe kwa njano. Angeweza kupata pipa lingine, na yalikuwapo. Aliendelea na lile. Kila mwaka, siku ya Idi, baada ya swala, nilimuuliza: "Unarudisha?" Alijibu: "Bado natumia." Nikauliza: "Umepokea?" Alijibu: "Nimeazima." Wajukuu walijua maneno hayo kuliko majina ya mitaa. Wageni wakiuliza lile pipa kubwa ni la nani, alisema: "Ya fundi mumoja. Aliniazimisha."

Miaka ishirini na zaidi.

Fabien alipomaliza masomo alirudi Kindu, akajenga atelie, akatualika kuona. Mounira alivaa kitenge cha Idi. Ndani kulikuwa na vyombo ambavyo sijui kama ningeota. Kimoja kirefu kina mota juu na mwiko ndani unaojizungusha. Mounira alikigonga.

"Hiki njo cha kupikia," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Kingine, chini yake kimechongoka kama faneli, na robine kwenye ncha. Alikigonga.

"Cha kutulizia. Mimi yangu iko bapa, uchafu unabaki kwenye kona. Hii haina kona. Umefikiri vizuri."

Kisha akaona kimoja kinene, kimefungwa kwa bolti kila upande, na kichwa chake ni mviringo. Alinyoosha kidole.

"Hapana, Mama, hiyo usiguse," Fabien alisema. "Iko na moto, na ndani iko na presha. Ni ya mvuke."

"Kwa nini hii iko na kichwa cha mviringo, na ile tangi ya mawese kule iko na kichwa bapa?"

Fabien alimweleza vizuri, bila kiburi. Tangi la mawese linabeba uzito wa mafuta tu, basi linaweza kuwa bapa. Lakini mvuke unasukuma pande zote, juu, chini, kando. Kwenye kona chuma kinachoka kwanza, kinapasuka. Mviringo unagawa nguvu sawa.

Mounira alifikiri.

"Kama shavu ya muntu anayepuliza moto," alisema. "Shavu haina kona."

Fabien alisema hakuna mwalimu wake aliyemweleza hivyo. Kisha Mounira alimuuliza kama sabuni yake inachukua siku nyingi kutulia. Fabien akakubali, na hakujua sababu. Mounira akaweka kiganja juu ya chombo kile cha kutulizia, akamwambia aweke chake. Chombo kilikuwa kinatetemeka. Kilisimama karibu na mota.

"Umeweka wa kunyamaza karibu na mugomvi," alisema. "Wapeleke mbali."

Fabien alikihamisha juma hilo. Sabuni ikatulia kwa nusu ya siku zile. Ndipo akaja na wazo lake la pipa la inoksi. Alitaka kumshukuru. Na lile la zamani alitaka kuliweka kwenye mlango wa atelie, lipakwe rangi, vijana wanaojifunza walione. Mounira alimjibu: "Pipa hii si yangu. Nimeazima. Uliza mwenyewe." Fabien akaja kwangu. Nikasema aliyeazima ndiye ataamua. Akatutazama sisi wawili, akaenda kungoja.

Mimi kama fundi nilimwambia Mounira ukweli. Inoksi hailiwi na soda, haishiki kutu, ni bora kuliko kazi yangu. Alisema: "Nimesikia." Na mimi sikulala vizuri wiki ile, mzee mzima, kwa ajili ya pipa. Kwa sababu likitoka uani, basi na hilo lilirudi kama mengine yote.

Asubuhi ile baada ya kugonga vyombo aliniletea chai. Tulikunywa. Alipika sabuni kidogo, ya jirani. Saa sita Fabien akafika. Walishusha pipa la inoksi, jua likaruka juu yake mpaka tukafumba macho. Mounira aliligonga. Likalia kama kengele.

"Nzuri," alisema. "Hii nitatulizia. Weka pale, mbali na kuku."

"Na ile ya zamani, Mama?" Fabien aliuliza. "Tupakie?"

Mounira alipangusa mikono kwa kitenge, taratibu, kidole kwa kidole. Alilizunguka lile pipa mara moja, akapitisha kiganja juu ya mdomo ule ulionuna. Kisha hakumtazama Fabien. Alinitazama mimi, akasema:

"Baba Nuru, usiniulize tena siku ya Idi. Pipa yako nimepokea."